Bibi, Suratu Yusuf na Skrini Iliyokuwa Nyeusi



Wiki hii tulikusudia kuwaletea visheti vya Sikukuu, na unga tulishaupima. Lakini tangu Ramadhani imalizike dada zetu kadhaa wametuuliza jambo lile lile: laptopu inafanya kazi vizuri, video inaonekana, maandishi yanaonekana, lakini ukitaka picha ijae skrini nzima inakuwa nyeusi tii, sauti inaendelea kama kawaida. Wameambiwa kompyuta imeungua. Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo. Basi visheti vitasubiri.

Sisi ni dada watatu na tunaishi na Bibi yetu, mama yake mama. Mmoja wetu muuguzi, mmoja anasomesha, mmoja anashona. Hakuna hata mmoja aliyesomea kompyuta, tulisema hilo mapema ili mjue mnasoma maneno ya nani.

Bibi macho yake yamechoka. Daktari alitueleza kwamba pale katikati ya jicho, sehemu ya kuonea vitu vidogo, pamelika kwa umri, na miwani haitaparudisha. Anaona mlango, anaona mtu anayeingia, sufuria ikiungua anaijua kwanza yeye kwa harufu. Herufi ndogo ndizo zilizomkimbia. Mjomba aliyeko Muscat alimletea msahafu mkubwa kabisa aliouona dukani, Bibi akauweka mapajani, akausogeza, akauinamia mpaka pua ikagusa karatasi, akaufunga taratibu akasema ahsante. Mwaka ule khitma yake ya Ramadhani haikutimia, na hakusema neno.

Mdogo wetu ndiye aliyekuja na wazo la TV. Laptopu ilikuwepo, ya mjomba huyo huyo, aliyoitumia miaka mingi kabla ya kutuachia. Tukaiunganisha na TV ya inchi 43 kwa kebo ya HDMI, tukafungua programu ya kusomea msahafu, ule wa Madina wenye kurasa 604 na mistari 15 kila ukurasa. Ukurasa wa msahafu umesimama na TV imelala, kwa hivyo tukaonyesha nusu ukurasa kwa wakati mmoja, mistari saba au minane, ikajaa skrini nzima kutoka pembe hadi pembe. Rangi ya nyuma tukaifanya ya maziwa iliyokolea kidogo, kwa sababu nyeupe kali inamuumiza. Herufi moja ikawa na urefu wa kidole.

Bibi alikaa kwenye kiti mbele ya TV, karibu mno, umbali wa mkono, akakohoa, akaanza. Sisi tulikuwa jikoni. Tulimsikia akisoma kwa kusitasita, anarudi nyuma, anasahihisha mwenyewe, halafu anakwenda. Ile hadithi ya msomaji anayesoma kwa taabu kuwa na ujira maradufu, yeye huitegemea sana. Siku ya pili alituamrisha TV ihamishwe ukuta wa kibla. Tuling'oa misumari. Ramadhani ile tamthilia hazikuonyeshwa ndani ya nyumba yetu, maana TV ilikuwa na mwenyewe. (Kama kusoma kwenye skrini kunahitaji udhu, waulizeni masheikh wenu. Bibi haingii katika mjadala huo, yeye hutawadha tu.)

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Mwaka jana vilevile, alhamdulillah. Mwaka huu, usiku wa kuamkia mwezi 11, laptopu ilituletea ujumbe kwamba inataka kujisasisha. Tukakubali tukaenda kulala, tuamke daku.

Baada ya alasiri Bibi akakaa kitini na tasbihi yake. Alikuwa juzuu ya 11, katikati ya Suratu Yunus. Tukafungua programu, ukurasa ukaonekana mdogo ndani ya dirisha lake. Tukabonyeza ujae skrini nzima, skrini ikawa nyeusi. Kishale cha mausi kilikuwa kinatembea peke yake juu ya giza. Tukabonyeza kurudi, ukurasa ukarudi, mdogo. Tukajaza tena, giza.

Bibi aliuliza kama umeme umekatika. Tukamwambia hapana. Akasema basi ipigeni kofi. Yeye ni mtu wa zama za TV ya mwanzo hapa Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipokuwa wakikusanyika kuangalia pamoja, na anasema picha ikipotea kulikuwa na mzee mmoja maalumu wa kuipiga kofi pembeni. Hatukuipiga kofi. Lakini tuliyoyafanya siku mbili zilizofuata hayakuwa na akili zaidi ya hayo.

Tulianza na kuilaumu TV. Tukatoa kebo tundu la kwanza tukatia la pili. Tukaazima kebo nyingine kwa wifi yetu. Tukazima kila kitu, tukasubiri, tukawasha. Tukafuta programu ya msahafu tukaiweka upya, na alama zote alizokuwa amewekewa Bibi zikapotea. Kila mmoja alikuwa anajaribu kitu chake kati ya kupika futari na kwenda tarawehe, hakuna anayemwambia mwenzake, na mara nyingine tulibadilisha mambo matatu kwa pamoja, kwa hivyo hata kingefaa kimoja tusingejua ni kipi.

Siku ya tatu tuliichukua kwa fundi. Aliiwasha, akatazama, akasema chipu ya picha imeungua, na katika laptopu ya aina ile imeshikana na ubao wake mkuu, kwa hivyo ubao mzima ubadilishwe. Bei yake ilikuwa inakaribia pesa zote tulizoziweka kwa nguo za Sikukuu za watoto. Mkubwa wetu alikuwa tayari kutoa. Wa kati akasema watoto hawana kosa. Tukagombana njiani, ndani ya daladala, kwa sauti ya chini iliyosikika na kila mtu.

Usiku ule tulimwendea Bibi na maneno tuliyoyapanga. Tulimwambia kisomo kipo tele kwenye simu, masheikh wakubwa, sauti nzuri, na kusikiliza Qur'ani nako ni ibada, si lazima ajichoshe. Tulimwekea simu mkononi, tukamfungulia pale pale Suratu Yunus alipofika.

Alisikiliza kidogo. Halafu akairudisha simu. Akasema, "Kusomewa nitasomewa tu, wanangu, nikishakufa. Sasa hivi bado nipo."

Hakusema kwa hasira. Aliomba maji, akaenda kulala.

Kwa nini tunawasimulia haya katika makala ya kompyuta? Kwa sababu sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba jambo lenyewe ni dogo. Tulikuwa tunatafuta namna ya Bibi kulikubali, na kumbe hatujakaa hata mara moja kulitazama vizuri.

Mdogo wetu hakulala. Baada ya daku alituita mezani, laptopu iko wazi, na swali alilotuuliza hata fundi hakuliuliza: kama chipu imeungua, hivi tunavyoviona sasa hivi vinachorwa na nani? Maana kila kitu kilikuwa kinaonekana. Dirisha linaonekana, picha za harusi zinaonekana, hata video ilicheza vizuri kabisa ikiwa ndani ya dirisha. Kilichokufa ni kujaza skrini nzima tu. Kitu kilichoungua hakichagui.

Tukakaa, mara hii tukajaribu kimoja kimoja, mmoja anaandika kwenye daftari la vipimo vya nguo.

Kwanza tulichomoa TV kabisa. Tukajaza skrini ya laptopu yenyewe. Nyeusi. Basi TV haina kosa, wala kebo, na wifi akarudishiwa yake. Pili tukafungua vitu tofauti: programu ya msahafu, video kwenye brauza, picha za simu. Vyote ndani ya dirisha vizuri, vyote skrini nzima nyeusi. Basi si programu ya msahafu, tuliifuta bure. Kilichobaki kiko chini yao, mahali ambapo wote wanapita.

Hapo ndipo tulipojifunza habari ya draiva. Ndani ya laptopu kuna chipu inayochora kila unachokiona. Chipu hiyo na mfumo wa kompyuta hawasemi lugha moja. Draiva ni mkalimani anayekaa kati yao. Picha ikiwa ndani ya dirisha, mfumo huyakusanya madirisha yote, huyapanga pamoja kama mtu anayepanga sinia la futari, kisha humkabidhi mkalimani sinia moja. Lakini kitu kikijaa skrini nzima, mara nyingi mfumo hujitoa katikati, na programu hupewa njia ya mkato hadi kwenye chipu ili picha ziende haraka zisikwamekwame. Kwa hivyo mkalimani huyo huyo anaweza kuwa hodari kwenye sinia na asijue kitu kwenye njia ya mkato. Usiku ule laptopu ilipojisasisha, tuliletewa mkalimani mpya.

Kuna kipimo chepesi ambacho tunatamani tungekijua siku ya kwanza. Skrini ikiwa nyeusi namna ile, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha, Ctrl, Shift na herufi B. Huko ni kuianzisha upya draiva ya picha bila ya kuzima kompyuta. Skrini hupepesa, aghalabu utasikia mlio mfupi, na kazi zako zilizokuwa wazi hazipotei. Sisi tulipobonyeza, ukurasa wa Suratu Yunus ukatokea skrini nzima, wote watatu tukapiga kelele, na kabla hatujamaliza kupiga kelele ukazimika tena. Hilo halikuwa tiba, lakini lilitosha kuwa ushahidi. Chipu iliyoungua isingeamka hata kwa dakika hiyo moja.

Jambo jingine tulilolijaribu ni upande wa brauza. Katika mipangilio yake, sehemu ya mfumo, kuna kidude cha kuizuia brauza isitumie chipu ya picha, kazi yote ifanywe na kichwa cha kompyuta chenyewe. Ukikizima na kuifungua brauza upya, njia ile ya mkato haitumiki tena. Kwetu ilifanya kazi: faili la msahafu likajaa skrini nzima ndani ya brauza bila giza. Kwa dada anayetaka kuangalia darsa jioni ile ile, hiyo yatosha. Kwa Bibi ilikuwa nusu. Kule hakukuwa na nusu ukurasa yenye rangi ya maziwa, ni weupe mtupu, na ukisogeza ukurasa mstari unakatika katikati, nukta zinabaki juu na herufi chini. Alisoma kurasa nne akafumba macho kwa maumivu. Lakini alisoma mwenyewe.

Mwezi 15 tukaingia Device Manager, pale vifaa vyote vya kompyuta vinapoorodheshwa. Ukibonyeza kitufe cha kulia juu ya alama ya kuanzia utaiona. Tukalifungua tawi la vifaa vya kuonyesha picha, tukaingia sifa za chipu yetu, ukurasa wa draiva. Namba ya toleo iko pale, na kuna kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia. Mkikikuta kimefifia hakibonyezeki, maana yake ya zamani haikuhifadhiwa, msihangaike nacho. Chetu kilibonyezeka. Tukarudisha, tukazima, tukawasha. Bismillahi, skrini nzima, herufi urefu wa kidole.

Bibi alimaliza juzuu ya 11 jioni ile ile na kesho yake akaingia ya 12. Alikuwa na haraka, na tulijua haraka ya nini. Kila mwaka husubiri Suratu Yusuf. Anaipenda tangu chuoni, na tangu macho yake yalipoanza kuzimika anaipenda zaidi, kwa ajili ya baba yule mzee, Nabii Ya'qub, ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni na kisha yakarudi. Hajawahi kutuambia ndiyo sababu. Tumeona tu kwamba akifika pale husoma polepole.

Mwezi 17, Yusuf ametiwa kisimani na nduguze, skrini ikawa nyeusi.

Tulitazamana. Mkubwa wetu alishika kichwa. Bibi akageuka kwenye kiti chake akatuambia, "Mmeniacha na Yusuf kisimani."

Tuliporudi kwenye ukurasa ule wa draiva tukakuta namba ya toleo jipya imekaa pale pale kama haikuondoka. Kumbe mfumo ulipoona draiva ya zamani, ukadhani tumeachwa nyuma, ukatuletea mpya tena usiku bila ya kuuliza. Hili ndilo wengi hawaambiwi. Kurudisha ya zamani ni nusu ya kazi, na mlango ukiubakisha wazi mgeni atarudi.

Kwa hivyo safari hii tulifanya kwa mpango, na ilituchukua usiku mzima wa mwezi 18. Kabla ya yote tulipindua laptopu tukasoma ile karatasi iliyobandikwa chini, tukaandika jina kamili la aina yake, herufi na namba zote. Tukaingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yetu, tukaitafuta aina hiyo hasa, tukashusha draiva ya picha iliyowekwa kwa ajili yake. Si mpya kuliko zote. Mwenye chipu hutoa draiva ya jumla kwa laptopu za kila namna, lakini mtengenezaji wa laptopu mara nyingi huirekebisha ikae sawa na mashine yake, hasa kwenye hizi za zamani, kwa hivyo kwa laptopu kuukuu ya familia tungeanza na hiyo kabla ya iliyo mpya. Faili lilikuwa kubwa, lilimaliza bando la mdogo wetu, tukamnunulia jingine.

Halafu tukakata intaneti. Msiruke hapa, sisi mara ya kwanza tuliruka. Ukiondoa draiva huku intaneti ipo, mfumo unaweza kukuletea ile ile mbovu kabla hujageuka. Tukarudi Device Manager, tukaiondoa draiva, na pale ilipotuuliza tukatia alama ya vyema kwenye kisanduku cha kufuta na programu zake. Tukazima, tukawasha.

Hapa msitishike. Skrini ilirudi lakini kila kitu kikubwa na kinene, picha zimetanuka, na TV haikuonyesha kitu kabisa. Bila ya mkalimani wake, kompyuta hutumia wa dharura, anayejua maneno machache tu, na huyo aghalabu hawezi kusemesha skrini mbili. Bibi alikuwa ameamka kusali tahajudi, akapita nyuma yetu akatazama laptopu akasema, "Leo herufi zimenona." Tukamwambia bado, Bibi, ngoja.

Tukaweka draiva tuliyoishusha. Skrini ilipepesa mara mbili tatu. Tukazima, tukawasha, tukachomeka TV, tukafungua ukurasa alipoachia, tukajaza skrini nzima. Ukakaa. Tukasubiri. Ukakaa. Ndipo tukarudisha intaneti, na kabla ya jambo jingine tukaenda kwenye masasisho tukayasimamisha. Unaweza kuyasimamisha hadi wiki 5, na tarehe ya mwisho tukaiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Kuyafunga moja kwa moja hatukutaka, maana masasisho ndiyo yanayoziba matundu ya wezi wa mitandaoni. Baada ya Sikukuu tuliyaruhusu tena, likaja toleo jingine la draiva, na hilo halijatusumbua hadi leo. Hata hivyo, faili lile tumelihifadhi kwenye flashi, na flashi imo ndani ya kopo la sindano za cherehani.

Kulikuwa na kitu kimoja kimebaki, kidogo, tukitaje kwa sababu kilitutia wasiwasi bure. Mstari wa juu kabisa ulikuwa unakatwa na ukingo wa TV, nusu ya herufi haionekani. Tukadhani draiva tena. Haikuwa. TV nyingi hukuza picha kidogo na kuzimeza kingo, na dawa yake iko kwenye rimoti ya TV, sehemu ya ukubwa wa picha, uchague ile inayoonyesha picha kama ilivyoletwa. Na dada mmoja wa darsa letu aliyetuandikia kwamba skrini nzima yake inaacha mistari myeusi kulia na kushoto, hiyo nayo si ugonjwa huu, dada. Yako inaelekea ni vipimo vya skrini havijalingana na projekta. Ingia kwenye mipangilio ya kuonyesha picha uchague kile kilichopendekezwa, kisha utuambie.

Na fundi? Hatukurudi kumlaumu. Duka lilikuwa na foleni, alitazama dakika tano, akasema alichozoea kukisema. Lakini tungemuuliza tu swali la mdogo wetu, angalau angelifikiri.

Asubuhi ya mwezi 19, baada ya alfajiri, hatukungoja alasiri. Bibi alikaa kitini, kanga begani, akasogeza kiti mbele kidogo kama kawaida yake. Tulijifanya tuna kazi. Yusuf alitoka kisimani, akauzwa, akaingia gerezani, akatoka. Kesho yake, katika juzuu ya 13, Bibi alifika pale pa Nabii Ya'qub. Alisoma polepole, akarudia, akaendelea.

Khitma yake haikutimia Ramadhani. Siku zilizopotea zilikuwa nyingi, na Sikukuu ilikuja na wageni wake. Aliimaliza mwezi 5 mfungo mosi, baada ya isha. Majirani walikuja kwa dua, tukatoa kahawa na hivyo visheti ambavyo mtaletewa wiki ijayo inshaallah. Watu walipoondoka Bibi alibaki kwenye kiti chake, TV bado iko wazi ukurasa wa mwisho, akatuita.

Akasema, "Haya, wekeni tamthilia yenu. Lakini kesho alasiri nataka ukurasa wa kwanza."